Wauguzi wa Mbeya, Iringa na Njombe: kabla hujajibu barua ya kujieleza, pita hapa kwanza

#1 Sista wa Uyole

Habari zenu wakuu.

Nafungua uzi huu kwa sababu simu zimezidi. Napigiwa na vijana niliowahi kuwapokea wodini wakiwa wanafunzi, sasa wako Chunya, Kyela, Makete, Kilolo. "Shikamoo mama, nimepewa barua ya kujieleza, nifanyeje?" Ukimuuliza barua imekuja lini, anakwambia juzi. Umejibu? Ndiyo, nilijibu palepale, nilikuwa na hasira. Sasa hapo unataka mama akusaidie nini?

Kwa uzoefu wangu majibu yanayomzamisha mtu ni ya namna mbili. La kwanza ni la hasira: kurasa nne za kumlaumu daktari, metroni, halmashauri na wizara, halafu tukio lenyewe lina mistari miwili. La pili ni la unyenyekevu, na ndilo baya zaidi: "Naomba radhi kwa yote yaliyotokea, naahidi halitajirudia." Umeomba radhi ya kitu gani? Kuchelewa kufika kwa mgonjwa? Kutoa dawa isiyo yake? Kutomwita daktari? Hukusema. Lakini barua hiyo inaingia kwenye faili, na atakayeisoma miezi mitatu baadaye, awe kamati ya uchunguzi au Baraza la Uuguzi na Ukunga, haoni unyenyekevu. Anaona mtu aliyekiri.

Barua ya kujieleza inajibiwa kwa saa na matendo. Nilipokea zamu saa fulani kutoka kwa fulani. Mgonjwa alikuwa katika hali hii. Saa fulani nilipima hiki nikapata hiki. Saa fulani nilimjulisha fulani, akaelekeza hivi, nikafanya hivi. Basi. Usichokiona usikiandike. Ulichosikia kwa mhudumu sema umesikia kwa mhudumu. Na kabla ya kuandika omba kuona faili la mgonjwa, kwa sababu ukikosea saa kwenye barua ikapishana na saa uliyoandika mwenyewe kwenye faili, umejitengenezea kesi ya pili.

Tatizo ni kwamba barua nzuri haiwezi kutoka kwenye faili bovu. Hapo ndipo wengi tunapoumia. Nichukue leba, maana ndiko moto unakowaka.

Patografu, ile chati ya kufuatilia uchungu wa mzazi, wote tumefundishwa. Mapigo ya moyo wa mtoto kila nusu saa, kufunguka kwa njia kila saa nne, uchungu, presha ya mama, mkojo. Sasa zamu ya usiku uko mmoja, wazazi wawili wanasukuma kwa pamoja, wa tatu anatoka damu. Nani atachora nukta? Kwa hiyo asubuhi, kabla ya kukabidhi, mtu anakaa mezani anajaza usiku mzima kwa mkupuo. Nimeshaona patografu za hivyo nyingi. Mapigo 140, 140, 142, 140, 140, mstari umenyooka kuliko barabara ya Igawa, kalamu ileile, mkandamizo uleule, hakuna hata nukta moja iliyoyumba. Halafu mtoto kazaliwa amechoka hawezi kulia. Jamani, mtoto aliyekuwa na 140 saa sita mfululizo anachokaje ghafla? Daktari yeyote akiishika karatasi ile anajua imepikwa. Na hapo kosa lako si tena kushindwa kupima kwa sababu ulikuwa peke yako, jambo ambalo lina utetezi. Kosa limekuwa kughushi kumbukumbu ya mgonjwa, na hilo halina.

Kama hukupima, acha wazi. Ukipata nafasi andika pembeni: "Saa 8:00 hadi 9:30 usiku sikupima, nilikuwa namhudumia mzazi mwingine aliyetoka damu." Weka saa uliyoandika na sahihi. Nafasi wazi yenye maelezo inateteeka mbele ya mtu yeyote mwenye akili.

La pili ni oda ya simu. Daktari yuko nyumbani, unampigia, anakwambia mwekee oksitosini, dawa ya kuongeza uchungu, kwenye dripu, nakuja. Haji. Mfuko wa uzazi unachanika. Asubuhi anasema yeye alisema subiri. Maneno ya simu hayana shahidi usipomtengeneza. Mwambie daktari: "Narudia, umesema kiasi hiki, matone haya kwa dakika." Mwenzako au mhudumu asikie. Andika kwenye faili hapohapo: oda ya simu, jina la daktari, saa, kiasi. Asubuhi asaini. Akigoma kusaini, andika kwamba aliombwa kusaini. Hutapendwa, lakini utalala.

La tatu ni jipya kidogo: mifumo ya kompyuta. Vituo vingi sasa vinatumia GoTHOMIS au mfumo mwingine, na vijana wanaachiana neno la siri kama wanavyoachiana peremende. "Dada ingia kwangu, mimi nimechelewa." Dawa ikitoka stoo kwa jina lako, ni wewe uliyeitoa. Leja ya dawa inapishana na stoo, jina ni lako. Ni hivyohivyo kwa ufunguo wa kabati la pethidini na mofini, zile dawa kali za maumivu: usipokee ufunguo bila kuhesabu ampule pamoja na anayekukabidhi, na usimkabidhi mtu kwa kumwekea mfukoni mwa koti.

Nitarudi kwenye leseni na mengine. Wenye uzoefu wa Iringa na Njombe karibuni.

#2 Ndaga Fijo

Mama shikamoo. Naweka kambi hapa. Uzi kama huu ulitakiwa usomwe siku ya kiapo, siyo baada ya miaka sita kazini.

#3 Kamwene

Kamwene wakuu. Sista, la patografu umelisema kweli tupu, ila nikuulize kitu. Sisi huku wilayani ukiandika kwenye daftari la ripoti "nilikuwa peke yangu" unaitwa ofisini unaambiwa unaichafua hospitali. Yupo mwenzetu aliandika hivyo, baada ya wiki akahamishiwa zahanati iliyo mwisho wa barabara, mvua zikianza hata bodaboda hazipiti. Sasa karatasi inakulinda au inakuchongea?

#4 Sista wa Uyole

Kamwene mwanangu. Swali lako ni zito na sina jibu la kukufurahisha. Karatasi inaweza kukuchongea kwa bosi wako wa leo na kukuokoa mbele ya bosi wa mwakani. Mimi nachagua la pili.

Ila kuna namna ya kuandika. "Nilikuwa peke yangu, kazi ilikuwa ngumu sana, hatuthaminiwi" ni malalamiko. Andika idadi: "Saa 2:00 usiku. Wazazi leba 4, waliojifungua 7, watoto wachanga 6. Muuguzi 1, mhudumu 1. Muuguzi mfawidhi amejulishwa kwa simu saa 2:20." Hapo umemlaumu nani? Hakuna. Umeeleza hali ya wodi, kama kazi yako inavyokutaka, na atakayebisha abishane na hesabu.

Na huyo aliyejulishwa saa 2:20 sasa naye ana mzigo wake. Hapo ndipo wakubwa hawapendi.

#5 Mpita Njia wa Mafinga

Mimi si muuguzi. Nimesoma yote na nasikitika hakuna hata mmoja aliyegusa midomo yenu. Mke wangu alijifungua mwaka juzi, sitaji wapi, aliambiwa "ulipokuwa unaifanya hukulia, sasa unalia nini". Mtoto alizaliwa salama tukasamehe. Angefariki je? Ningesema walimuua kwa makusudi na hakuna karatasi ingenibadilisha mawazo.

#6 Ndaga Fijo

@Mpita Njia pole sana kaka. Ila si wote.

#7 Sista wa Uyole

@Mpita Njia wa Mafinga, pole, na mpe pole mkeo. Sitamtetea aliyesema hivyo. Na umenigusia jambo ambalo vijana hawataki kulisikia: kesi nyingi nilizoziona kwa macho hazikuanza na kifo, zilianza na kauli. Vifo viwili vinafanana, chanzo ni kilekile, familia moja inazika inarudi kushukuru, nyingine inakwenda polisi. Ukiuliza tofauti ni nini, unakuta hii ya pili iliachwa kwenye benchi usiku kucha, kila wakiuliza wanafokewa, na maiti wakaonyeshwa na mlinzi. Mtu aliyeambiwa ukweli mapema, kwa sauti ya kibinadamu, na akapewa nafasi ya kuuliza, mara nyingi haendi mbali. Kauli chafu peke yake pia ni kosa la kimaadili linaloweza kukufikisha mbele ya Baraza, hata kama hakuna aliyekufa.

#8 Wakili wa Soweto (ya Mbeya, siyo ile nyingine)

Wakuu, niongeze upande wa sheria kwa kifupi maana naona watu wanachanganya mambo.

Tukio moja linaweza kumfikisha muuguzi kwenye milango minne, na kila mmoja una utaratibu wake. Baraza la Uuguzi na Ukunga Tanzania chini ya Sheria ya Uuguzi na Ukunga ya 2010: hili linahusu leseni na jina lako kwenye rejesta. Linaweza kukuonya, kukusimamisha au kukufuta. Mwajiri: huyu anahusika na ajira yako. Jinai: Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, kifungu cha 233, kinagusa anayetoa tiba kwa uzembe au bila kujali kiasi cha kuhatarisha maisha ya mtu, na mgonjwa akifa polisi wanaweza kuangalia kuua bila kukusudia. Madai: familia inataka fidia, na hapa kwa kawaida anashtakiwa mwajiri kwa sababu ulitenda ukiwa kazini kwake, ingawa jina lako linaweza kuwemo.

Watu wanadhani mwajiri akisamehe yameisha. Hapana. Baraza si mwajiri wako.

Madai ya uzembe yana ukomo wa miaka 3. Kwa hospitali ya serikali mdai anatakiwa kutoa notisi ya siku 90 kwanza. Ndiyo maana tukio la mwaka juzi linaweza kukufuata leo ukiwa umeshahamia Songea na sura ya mgonjwa huikumbuki. Utakachokumbuka ni ulichoandika.

Sasa hili lishikeni. Mtumishi wa umma aliyefukuzwa anakata rufaa Tume ya Utumishi wa Umma ndani ya siku 45. Wa hospitali binafsi anakwenda CMA, Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, ndani ya siku 30 tangu kuachishwa. Msibadilishane. Tangu marekebisho ya Sheria ya Utumishi wa Umma ya 2016, mtumishi wa umma lazima amalize ngazi za kiutumishi kabla ya kwenda kwenye vyombo vya sheria za kazi. Nimeona watu wakikimbilia CMA, shauri linatupwa kwa kukosa mamlaka, wakigeuka siku 45 zimeshapita.

Na polisi wakikuita: una haki ya kuwasiliana na wakili, ndugu au rafiki kabla ya kutoa maelezo ya onyo, na una haki ya kukaa kimya. Usisaini usichosoma. Wauguzi wanajua kuandika ripoti, wakifika kituoni wanafikiri na ile ni ripoti.

#9 Kamwene

Wakili asante. Hilo la siku 45 nimelinakili.

#10 Baridi ya Makete

Naomba niingie na la sindano, mbona hamjaligusa? Huku kwetu ndiyo hatari namba moja. Utafiti wa taifa wa 2022-2023 ulionyesha maambukizi ya VVU kwa watu wazima Njombe asilimia 12.7, Iringa 11.1, Mbeya 9.6. Mikoa mitatu hii ndiyo inaongoza Tanzania na ndiko tunakotoboana sindano usiku, taa imekatika, mgonjwa anarusha mikono.

Mwenzangu alijichoma akitoa dripu. Akaosha, akakaa kimya, anaona aibu kupimwa na watu anaofanya nao kazi. Alikuja kuniambia siku ya nne. Dawa za kinga zinatakiwa zianze haraka iwezekanavyo na isizidi saa 72, kisha siku 28. Siku ya nne mlango umefungwa. Namshukuru Mungu majibu yake yalikuwa mazuri, ila miezi ile hakulala.

#11 Sista wa Uyole

@Baridi ya Makete umefanya vema. Na kuna upande wa haki zake pia. Kuna Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF, unaowahusu watumishi wa umma na wa binafsi. Mfuko unataka taarifa ya ajali. Ukichomwa usipoandika siku hiyohiyo kwenye daftari la matukio, ukaja kuugua, utathibitishaje kwamba uliugulia kazini? Mtu atasema uliyapata mtaani. Kwa hiyo: osha kwa maji na sabuni, usikamue, toa taarifa, pimwa siku hiyo, anza dawa, andika. Anayekupima anabanwa na sheria ya VVU na UKIMWI ya 2008 kutunza siri, sawasawa na wewe unavyobanwa kwa wagonjwa.

Na kwa kuwa tumefika kwenye siri. Vijana, simu wekeni mfukoni. Mtoto amezaliwa na kasoro, mtu anapiga picha anaweka status ya WhatsApp "Mungu ni mwema tuombeeni". Tangu 2023 Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi inafanya kazi, na taarifa za afya ni taarifa nyeti. Hata ukiziba uso, kitenge cha mama kikijulikana na shangazi yake pale Mwanjelwa, umemtangaza.

#12 Mtoto wa Tukuyu

Ugonile mama. Mimi nina kaswali ka pembeni. Mshahara hautoshi, nafanya kwenye duka la dawa muhimu jioni. Wateja wanaomba sindano, wengine wananiita nyumbani kuwatundikia dripu. Nina leseni hai. Kuna shida?

#13 Wakili wa Soweto (ya Mbeya, siyo ile nyingine)

Kubwa. Leseni yako haigeuzi duka kuwa zahanati. Duka la dawa muhimu haliruhusiwi kuchoma sindano, hata anayechoma awe profesa. Mtu akipata mzio wa penisilini pale, huna adrenalini, huna daktari, huna faili, na mwajiri wako wa mchana atasema hakukutuma. Hapo unasimama peke yako kwenye milango yote minne.

#14 Sista wa Uyole

Na mwanangu wa Tukuyu, kwenye maduka hayohayo ndiko mabinti wanakokuja kuomba vidonge vya kutoa mimba. Usijaribu, hata kwa huruma. Kanuni ya Adhabu inatoa hadi miaka 14 kwa anayemtoa mtu mimba kinyume cha sheria. Ila akija kituoni ameshaharibikiwa, anatoka damu, kumhudumia ni wajibu wako na ni halali kabisa. Nimeona wauguzi wanamkimbia mgonjwa wa hivyo kwa kuogopa polisi, na kumwacha afe ndiyo kesi.

Leseni: angalia tarehe yake leo. Leo. Baraza linataka ihuishwe na ujiendeleze kitaaluma. Ukipata tukio huku leseni imeisha, utetezi wako wote, hata uwe mzuri namna gani, unaanza na "kwa nini ulikuwa unafanya kazi".

#15 Mpita Njia wa Mafinga

Nimejifunza. Swali moja kwa wakili: na "ya soda" tunayoombwa ili mgonjwa aonwe haraka?

#16 Wakili wa Soweto (ya Mbeya, siyo ile nyingine)

Rushwa. Sheria ya 2007 inambana anayepokea na anayetoa. Piga TAKUKURU 113, bure. Na kwa wauguzi: hata shukrani ya kuku baada ya mzazi kuruhusiwa, ni afadhali ipokelewe mbele ya mfawidhi kuliko nyuma ya wodi.

#17 Ndaga Fijo

Kuku wa Rungwe hamtamuacha aende 😂

#18 Kamwene

Mama, la mwisho. Ulisema tuombe kuona faili kabla ya kujibu barua. Tukinyimwa? Wengi tunapiga picha faili kwa simu tukijua litapotea. Umesema mambo ya taarifa binafsi, sasa tufanyeje?

#19 Sista wa Uyole

Ni kweli yanapotea. Nimeshuhudia faili likikosekana siku moja kabla ya kikao, likaonekana kikao kilipoisha.

Usipige picha. Faili ni la hospitali na habari zilizomo ni za mgonjwa. Ukikutwa nazo kwenye simu yako utaulizwa hilo badala ya lile la kwanza. Omba kwa barua: "Naomba kuona kumbukumbu za mgonjwa mwenye namba fulani ili niweze kujibu barua yako ya tarehe fulani." Peleka nakala mbili, moja igongwe muhuri wa kupokelewa, hiyo baki nayo nyumbani. Siku za kujibu zikikaribia kwisha hujapewa, jibu kwa unachokumbuka, na sentensi ya kwanza ya jibu lako iseme kwamba uliomba faili tarehe fulani na hukupewa. Kama uko kwenye chama cha wafanyakazi, TUGHE au TALGWU, mpe katibu wa tawi nakala kabla hujaipeleka, siyo baada. Unakatwa ada kila mwezi, mtumie.

#20 Wakili wa Soweto (ya Mbeya, siyo ile nyingine)

Hapo kwenye muhuri naongeza: masjala wakikataa kugonga, rudi na shahidi, au itume kwa EMS ya posta ubaki na risiti.